Koperative ikiyumba, tutafute tundu kabla ya kutafuta mkopo



Tukitembelea koperative za kahawa kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Kalehe na Minova mpaka Idjwi, kuna neno moja tunalisikia karibu kila pahali: «Mutusaidie mkopo, koperative iko inakufa.» Tukiuliza inakufa kwa ugonjwa gani, jibu ni lile lile: «Franga haiko.»

Ni kweli, franga haiko. Lakini kukosa franga ni kama homa. Homa inaonyesha tu kwamba mwili una shida. Haisemi kama ni malaria, ao ni kidonda, ao ni tumbo. Muganga akitoa dawa ya homa bila kupima damu, mgonjwa atasikia nafuu siku mbili, kisha atarudi akiwa hali mbaya kuliko ya kwanza. Koperative ni vile vile. Kabla ya kumwaga maji mapya ndani ya bido, tuangalie kwanza kama bido haina tundu.

Katika ukurasa huu tunaonyesha namna ya kutafuta hilo tundu. Tunatumia mfano wa kahawa, lakini wenye mihogo, mpunga na mahindi wataona njia ni moja.

Tupige hesabu ya musimu mmoja

Mfano huu siyo wa koperative fulani. Tumeupanga sisi wenyewe, kwa hesabu zilizo rahisi kufuata. Kila mmoja aweke bei na kilo za kwake.

Koperative iko na kituo cha kuosha kahawa. Kwa musimu mmoja hesabu yake ni hii:

- Kununua kahawa mbivu (serizi) kilo 60,000, kila kilo senti 40: dola 24,000
- Wafanyakazi wa kituo: dola 4,000
- Usafiri, mafuta na magunia: dola 2,500
- Faida ya mkopo wa dola 15,000, 2 kwa mia kila mwezi, miezi 6: dola 1,800
- Ofisi na mikutano: dola 1,200

Jumla ya matumizi: dola 33,500.

Sasa upande wa kuingiza. Wenye kufanya kazi ya kahawa wanajua kwamba karibu kilo 5 za serizi nzuri zinatoa kilo 1 ya parche kavu. Hesabu hiyo inapanda ao kushuka kidogo kufuatana na mvua, mbegu na mlima. Kwa kilo 60,000 za serizi, tungengojea kilo 12,000 za parche. Zikiuzwa dola 3 kila kilo, ni dola 36,000. Tungebaki na dola 2,500 mkononi.

Lakini mwisho wa musimu, ndani ya depo mumepatikana kilo 10,000 tu. Zimeuzwa dola 30,000. Koperative imepoteza dola 3,500. Wanunuzi wanadai, mwenye kukopesha anadai, wanamemba wanangojea malipo ya pili ambayo hayatakuja. Na komite inasema: «Bei ilikuwa mbaya. Tutafute mkopo mkubwa zaidi, mwaka kesho tutanunua kahawa mingi.»

Mkopo mkubwa ungefanya nini?

Tuangalie kilo moja tu ya parche. Koperative hii haikutumia kilo 5 za serizi kwa kilo moja, ilitumia 6. Kilo 6 kwa senti 40 ni dola 2.40. Ongeza senti 40 za wafanyakazi na senti 25 za usafiri na magunia. Tumefika dola 3.05. Na kilo inauzwa dola 3.

Kumbe kila kilo inapoteza senti 5 kabla hata ya kulipa faida ya mkopo na ofisi! Tukihesabu matumizi yote, kilo moja imegharimu dola 3.35. Hasara ni senti 35 kwa kila kilo.

Koperative ya namna hii ikinunua kahawa mingi zaidi, itapoteza mingi zaidi. Mkopo wa dola 15,000 ukiwa wa dola 30,000, shimo linapanuka na deni linapanda. Siku mkopeshaji atakuja kuchukua mashini na kituo, wanamemba watasema «tulikosa mtaji». Hapana. Kilo 2,000 za parche zilikosekana, maana yake dola 6,000, na hakuna mtu aliyeuliza zimepitia mlango gani.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ambayo kila koperative inapaswa kujua kwa kichwa ni hii: kilo ngapi tuliingiza, kilo ngapi tulitoa. Kaye ya kese peke yake haitaonyesha. Kese inaonyesha franga. Hapa kilichopotea ni kilo.

Kilo zimepitia mlango gani?

Kuna jaribio moja lisilo na garama. Chagueni siku moja, mupokee kilo 500 za serizi, mutenge hilo fungu peke yake. Watu watatu walifuate: mmoja wa komite, mmoja wa komisheni ya uangalizi, na mwanamemba wa kawaida, afazali mama mwenye kuleta kahawa kila siku. Mupime wakati wa kupokea, mumenye siku ile ile, muchachishe, muoshe, muanike kwenye meza zake zenyewe mpaka iwe kavu vizuri, kisha mupime tena.

Fungu likitoa karibu kilo 100 za parche, na musimu mzima ulitoa kilo 1 kwa kilo 6, basi mashini haina kosa. Kahawa inapotea pahali watu hawaangalie: kwenye kaye, kwenye mizani, ao usiku. Lakini kama hata lile fungu lenye kuchungwa limetoa kilo 83 tu, tatizo liko kwenye serizi zenyewe, ao kwenye mashini, ao namna ya kufanya kazi. Kwa jaribio hilo moja mutajua muende upande gani, na hamtamuonea mtu bure.

Milango ya kuangalia ni hii:

*Mizani.* Chukua bido tupu, uipime. Jaza lita 20 kamili za maji, upime tena. Tofauti iwe kilo 20. Kama siyo, mizani inadanganya. Ikisema zaidi, koperative inaibiwa. Ikisema kidogo, mkulima anaibiwa, na mkulima mwenye kuibiwa atapeleka kahawa kwa mwengine.

*Basini.* Wengi wanapima serizi pamoja na basini na hawatoe uzito wa basini. Kama kila basini inabeba kilo 15, kilo 60,000 ni basini 4,000. Basini ikiwa na uzito wa nusu kilo, koperative imeandika kilo 2,000 ambazo siyo kahawa. Kwa senti 40, ni dola 800 za kununua plastiki.

*Serizi mbaya.* Mwaga serizi ndani ya maji. Zenye kuelea ni nyepesi: ni tupu, ao zimetobolewa na mdudu, ao zimekauka. Serizi ya kijani nayo haimenyeke vizuri. Koperative yenye kupokea zote kwa bei moja inalipa bei ya kahawa nzuri kwa maganda. Na serizi zilizonyeshewa mvua, ao zilizomwagiwa maji njiani, zina uzito ambao jua litauondoa.

*Mashini ya kumenya.* Ingiza mkono ndani ya fungu la maganda. Ukipata mbegu mingi, mashini imefunguliwa sana ao imechakaa. Ukiona mbegu zimevunjika, imekazwa kupita kiasi. Fundi anaweza kuirekebisha kwa saa chache. Kuiacha vile kunagharimu musimu mzima.

*Meza za kuanikia na depo.* Nani analala pale? Nani ana ufunguo? Kahawa inapimwa wakati wa kuingia depo, ao ni wakati wa kuuza tu? Kama haipimwe mara mbili, hakuna mtu atakayejua kilichotoka katikati.

*Wanunuzi wa koperative.* Mnunuzi anapewa dola 500 siku ya kwanza, analeta kahawa ya dola 350, kisha anaomba zingine. Mwisho wa musimu, kahawa imejaa kwenye makaratasi, haiko kwenye depo. Sheria ni moja: hakuna avansi ya pili kabla kahawa ya avansi ya kwanza haijapimwa yote.

Feza yenye kulala

Kuna koperative ambayo kilo zake zinatimia, na bado inayumba. Hapo tuangalie siku. Kahawa inanunuliwa kwa feza taslimu tangu mwezi wa tatu, lakini itauzwa miezi mingi baadaye, na kabla ya kupanda meli Mombasa ao Dar es Salaam itavuka mipaka na makaratasi mengi. Wakati huo wote mkopo unakula. Mkopo wa dola 15,000 kwa 2 kwa mia unakula dola 300 kila mwezi, yaani dola 10 kila siku inayopambazuka. Magunia yakingojea saini moja ao camion moja kwa wiki tatu, zaidi ya dola 200 zimekwenda, na hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo muandike tarehe: siku ya kununua, siku kahawa ilikauka, siku ilitoka depo, siku malipo yalifika. Mutaona ni pahali gani siku zinapotea. Mara nyingi si bandarini, ni hapa kwetu.

Jambo lingine ni aina ya feza. Mwanzo wa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Koperative iliyoweka milioni 10 za franga ndani ya kese mwanzoni ilikuwa na zaidi ya dola 10,000. Karibu miaka miwili baadaye, franga zile zile zilikuwa karibu dola 6,250. Ukikopa kwa dola, weka akiba ya kulipa deni kwa dola. Hiyo siyo ujanja, ni kujikinga tu.

Na bei?

Bei ya arabika inafuata soko la New York, ambako kahawa inahesabiwa kwa libre, karibu gramu 454. Mwezi wa ine 2019, libre ilishuka chini ya dola 1. Mwezi wa pili 2025, ilipita dola 4. Hakuna prezida wa koperative mwenye kuweza kupandisha ao kushusha bei hiyo.

Lakini tujihadari: hata bei nzuri inaweza kuangusha koperative. Ukitia saini mkataba mwezi wa kumi na moja kwa bei iliyopangwa, kisha bei ya serizi ikapanda mwezi wa ine, utanunua gali na kuuza rahisi. Na wachuuzi watakuja mpaka mlangoni kwa mkulima na franga mkononi. Mbele ya kutia saini, komite iulize: «Serizi ikipanda mpaka senti ngapi, mkataba huu unakuwa hasara?» Kwa mfano wetu, hata kilo 5 zikitosha kutoa kilo moja ya parche, serizi ikipita senti 44 faida yote inaisha. Namba hiyo iandikwe ukutani.

Nani anajua hesabu?

Tundu la mwisho ndilo gumu kusema. Mahali pengi prezida anashika kaye, keshie ni mtoto wa ndugu yake, na wanamemba wanaogopa kuuliza kwa sababu ni mzee, na mzee haulizwe. Heshima kwa wazee ni jambo jema. Lakini kumuomba mzee kaye siyo kusema mzee ni mwizi. Kaye yenye kuonwa na watu wengi inamulinda yeye wa kwanza: siku feza zitakosa, hakuna atakayemunyooshea kidole. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Sheria nayo inasema vile vile. Congo inafuata sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010. Nchi iliingia OHADA mwezi wa 9 mwaka 2012. Sheria hiyo inataka mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, ndani ya miezi 6 baada ya kufunga hesabu. Koperative ya namna nyepesi (SCOOPS) inapaswa kuwa na komite ya usimamizi na komisheni ya uangalizi, na waangalizi wasiwe wale wale wenye kusimamia. Tena, kila mwaka wenye faida, sehemu inaenda kwenye akiba: si chini ya 20 kwa mia kwa akiba ya jumla, mpaka ifikie kiasi cha kapitali. Hiyo akiba ndiyo inabeba koperative mwaka bei ikianguka.

Tusisahau wamama. Katika vijiji vingi, mama ndiye anachuma na kubeba basini mpaka kituoni, lakini jina kwenye fishi ni la bwana, na malipo ya pili yanaenda kwa bwana. Kisha tunashangaa kwa nini kahawa haifike. Njiani kuna mchuuzi mwenye kumulipa mama palepale. Koperative yenye kutaka kilo ziongezeke iandike jina la mwenye kubeba, na imulipe yeye.

Dawa, hatua kwa hatua

Ukishajua tundu liko wapi, fanya kwa mpango huu:

1. Musichukue mkopo mpya kwanza. Musimamishe avansi zote mpaka hesabu ipatikane.
2. Kwa siku moja, muhesabu kila kitu pamoja: franga ndani ya kese, kilo ndani ya depo, tunayodai na tunayodaiwa. Watu watatu watie saini.
3. Mufanye jaribio la kilo 500, mutengeneze mlango wenye kuvuja.
4. Muende kwa mkopeshaji mbele ya tarehe ya kulipa, siyo nyuma yake. Mwenye kuja na hesabu safi na mpango wa kulipa kidogo kidogo anasikilizwa. Mwenye kufunga telefone, hapana.
5. Muite mkutano mkuu, museme hasara kwa namba, bila kuzunguka. Muandike kwenye ubao: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, deni lililobaki.
6. Musimu unaofuata, munue kidogo, kiasi ambacho muko na uwezo wa kulipa na kupima vizuri. Kilo 20,000 zenye faida ni bora kuliko 60,000 zenye hasara.

Wenye mazao mengine watumie njia ile ile. Mihogo mibichi kilo 3 mpaka 4 inatoa karibu kilo 1 ya mihogo mikavu. Kilo 100 za mpunga zinatoa karibu kilo 60 mpaka 65 za mchele. Kwa mashini ya kusaga, andika lita za mazutu kwa kila gunia. Ile namba ikibadilika gafula, kuna mlango umefunguka.

Kama hesabu inakataa kabisa

Kuna siku ambapo mutafunga milango yote, mupunguze matumizi, na bado kila kilo itauzwa kwa hasara. Labda kituo ni kikubwa kupita kahawa ya kijiji. Labda koperative mbili zinapigania bonde moja, na kungekuwa afazali kutumia kituo kimoja pamoja. Kusimamisha kazi moja mapema, wakati bado kuna kitu cha kulipa wadai na kulinda sehemu za wanamemba, siyo aibu. Kuendelea mpaka mashini ichukuliwe na jina la koperative liharibike, hiyo ndiyo inafanya wakulima wakatae koperative kwa miaka kumi.

Kwa mkutano wenu wa mwezi huu, tunawaomba swali moja tu. Msimamizi asimame mbele ya watu na aseme: musimu uliopita tulipima kilo ngapi za serizi, na tulitoa kilo ngapi za parche? Kama jibu liko, mugawe namba ya kwanza kwa ya pili muone. Kama jibu haliko, kazi yenu ya kwanza imepatikana.